Aliyefunga Bariere

Kwetu Bihambwe mchunga ng'ombe haulizwi amesoma wapi. Haulizwi hata kama anapenda ng'ombe, maana hakuna atakayejibu kwamba hawapendi. Anaitwa asubuhi malishoni, anaambiwa apite, kisha wenye mifugo wanakaa kwenye nyasi na kuzungumza mambo yao kana kwamba hayupo. Jicho liko kwake wakati wote. Wanaangalia kama anasalimia watu kwanza au anatazama ng'ombe kwanza. Wanaangalia kama ana kelele. Zaidi ya yote wanaangalia bariere, ile miti mirefu inayolazwa kati ya nguzo mbili ikawa ndiyo lango la malisho. Akishapita, je, anairudisha miti nyuma yake? Asiyeirudisha anapewa kikombe cha maziwa, anashukuriwa kwa kuja, na habari yake inaishia hapo.

Tena haambiwi ni ng'ombe gani anayepiga teke. Kila kundi lina mmoja wa namna hiyo, na kumtaja mbele ya mgeni ni kuharibu mtihani. Mushumba wa kweli, ndivyo tunavyomwita mchunga ng'ombe, atamtambua mwenyewe kwa jinsi anavyosimama.

Naanza na haya kwa sababu asiyeyajua anaweza kudhani kwamba siku tulipomchagua mshauri wetu tulikuwa tumelewa. Hatukuwa tumelewa. Tulikuwa waangalifu kuliko wakati mwingine wowote, na matata yetu yalianzia humo humo katika uangalifu.

Ilitangazwa kutoka ofisi ya chefu, mkuu wa eneo letu, kwamba vilima vyetu vitakuwa na baraza la wakaaji, ambalo kila mtu aliliita konseye, na kwamba kila kilima kitatoa mshauri mmoja. Konseye lingeamua mambo madogo: chemchemi, soko, njia za miguu. Kwa shangazi yangu, hilo la mwisho halikuwa dogo hata kidogo.

Shangazi alikuwa mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Nilikuwa nakaa kwake wakati huo, nikikusanya habari za soko na za barabara kwa ajili ya redio ya huko kwetu, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni kuuliza watu wametoka wapi na wamekuta nini njiani. Kila alfajiri alikamua, akafunga bido, dumu la maziwa, mgongoni kwa kamba ya kupita kwenye paji la uso, akashuka kwa njia inayokata katikati ya ferme, shamba kubwa la mifugo, mpaka kwa mtengeneza fromaji, yaani jibini, kando ya barabara. Yule bwana alinusa kifuniko, akachemsha maziwa kidogo kwenye sufuria ndogo, akainama kuyatazama. Yakikatika, hayapokei. Mwenye maziwa ya kukatika mara kwa mara nafasi yake hupewa mwingine, na akina mama waliokuwa wakingoja nafasi hawakukosekana.

Ipo njia nyingine, ya kuzunguka kilima kwa barabara ya magari. Ni ndefu, na anayeishika jua humkuta njiani.

Mwenye ferme alikaa Goma. Huku aliacha msimamizi, ambaye sote tulimwita jeran, na jeran huyo alikuwa ameomba njia ya katikati izuiwe. Alisema wapita njia wanaacha bariere wazi, ng'ombe wanatoka, wanaingia katika maharage ya watu. Hakusema uongo. Ombi lake lilikuwa likingoja konseye jipya, na kila mtu kilimani alilijua, au ndivyo tulivyoamini.

"Maziwa haijue politike," shangazi aliniambia. "Jua inatoka, inakatika."

Wazo la kumpima mshauri kama mushumba lilizaliwa Jumapili moja nje ya kanisa, baada ya ibada. Akina mama walikuwa wakikumbuka wagombea wa zamani.

"Ule wa mara ile alituletea chumvi," alisema jirani yetu, mama mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde. "Chumvi ikaisha, na yeye akaisha."

"Na wewe uliikula," mwenzake akamchokoza.

"Niliikula. Ilikuwa chumvi muzuri sana. Ni yeye njo alikuwa mubaya."

Shangazi alingoja kicheko kipungue. "Mushumba wa ngombe mbili tu, tunamuchunguza asubuhi muzima," alisema. "Muntu wa kuchunga kilima muzima, tunamuchagua juu ya wimbo na chumvi. Sasa hii iko akili?"

Akina mama walikubali kwamba si akili. Wagombea wa kilima chetu walikuwa watatu, na wote watatu wakatumiwa ujumbe waje malishoni kwa shangazi, kila mmoja kwa wakati wake, Jumamosi asubuhi. Jioni hiyo nilimwambia shangazi kwamba ingefaa tuwaulize waziwazi juu ya njia ya maziwa. Alinitazama kana kwamba nimependekeza tukamue fahali.

"Unataka kubaambia ngombe yenye kupiga teke?" alisema. "Waache bajionee."

Nikaona amesema kweli.

Wa kwanza kufika Jumamosi ile alikuwa mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi ofisini Goma kwa miaka mingi kabla ya kurudi kujenga kwetu. Alikuja kwa pikipiki, amevaa koti, na bahasha ya karatasi kifuani. Pikipiki ilisimama mbele ya bariere. Mwendeshaji akashuka, akatoa miti, akapanda, wakaingia, akashuka tena, akairudisha. Mzee hakugeuza hata shingo.

"Bariere imefungwa na motari," jirani alinong'ona kwa ile sauti yake, hivyo wote tukasikia. "Basi tumuchague motari."

Mzee alisimama akawapa ng'ombe mgongo, akatueleza maendeleo kwa Kifaransa, kisha akatueleza upya kwa Kiswahili, nayo yakawa mafupi zaidi. Wakati anasema, ng'ombe mmoja alisogea akaanza kulamba mkia wa koti lake. Aliupunga mkono nyuma kama mtu anayefukuza mbu, akaendelea. Hakuwa mtu mbaya, na baadhi ya aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Alipewa kikombe cha maziwa.

Wa pili alikuwa muuza mawese kutoka Mpofi, kule Walikale. Alioa kwetu zamani, akabaki, lakini mpaka leo anatembea kama mtu wa msituni, mguu juu, kana kwamba nyasi zetu fupi zina mizizi ya kumkwaza. Alikuja akisukuma baiskeli yenye bido za manjano za mafuta. Aliitoa miti ya bariere, akaitupa kwenye nyasi, akaingiza baiskeli, akaja moja kwa moja kutushika mikono mmoja mmoja. Aliuliza kikohozi cha huyu kimefika wapi, na mtoto wa yule kama alifaulu mtihani. Alikuwa bado anasalimia, ndama mmoja akatoroka.

Tulimfukuza ndama yule sote. Muuza mawese alikimbia kwa bidii kuliko wengine, akateleza, akaanguka chali kwenye kinyesi. Ndama aliporudishwa, shangazi alimwuliza, huku akijizuia asicheke:

"Papa, kwenu kule hamufungaka bariere?"

"Mama, kwetu mu pori, njia tunafungaka ya nyama tu, na mutego," alisema, akijifuta kwa majani. "Njia ya batu haifungwaka. Ukifunga, muntu atapita wapi?"

Jirani alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Hata shangazi machozi yalimtoka. Wiki nzima watu walikuwa wakiulizana njiani, "Ukifunga, muntu atapita wapi?" na kuangua kicheko upya. Yeye naye alicheka. Alipewa kikombe kikubwa cha maziwa, na wawili wakanunua mafuta yake.

Wa tatu kila mtu alimwita veterineri, ingawa kwa kweli alikuwa msaidizi tu wa yule aliyekuja zamani kuchanja mifugo. Alibaki na sindano, buti za mpira na heshima. Alisimama nje ya bariere, akawatazama ng'ombe kabla ya kututazama sisi. Alitoa miti, mmoja mmoja, bila kuigonganisha. Akapita. Akairudisha mmoja mmoja. Mti wa juu ulikuwa unalegea tangu marehemu mume wa shangazi alipokuwa hai. Aliutikisa, akaokota jiwe, akalikaza pembeni yake, akautikisa tena. Haukucheza.

Mguno wa kuridhika ulipita kwenye nyasi kama upepo.

Alilizunguka kundi polepole, bila neno, akasimama mbali kidogo na ng'ombe wa shangazi wa rangi ya kahawia. "Huyu, musimukaribie ku mukono ya kuume," alisema. Akina mama walipiga makofi. Alikuwa ndiye hasa.

"Sasa Papa, tukikupa hii kazi, utafanya nini?" shangazi alimwuliza.

"Nitachunga."

"Utachunga nini?"

"Vyenye mutanipa."

Tuliona ni jibu zuri mno. Hakuna aliyekumbuka, hata mimi, kwamba hatukuwa tumempa chochote.

Siku ya kuchagua, watu walijipanga nyuma ya mgombea wao, kila mmoja nyuma ya wake. Mstari wa veterineri uliingia mpaka kwenye shamba la maharage la mtu. Nyuma ya mstaafu walisimama ndugu zake na motari. Nyuma ya muuza mawese walisimama mke wake na shemeji wawili, na mmoja wa hao shemeji alihama katikati ya kuhesabu.

Kisha shangazi akafanya jambo ambalo halikuwa katika maelekezo ya ofisi ya chefu. Alimletea mshauri mpya fimbo ya marehemu mume wake. Kwetu mwajiri ndiye anayempa mushumba fimbo siku ya kwanza, na yeye peke yake ndiye anayeweza kuidai. Siku akiidai, kazi imekwisha. Hapo hapana kubishana. Mushumba anairudisha kwa mikono miwili, anamfungulia mwenye mifugo bariere mara ya mwisho ili apite akawakague wanyama wake, halafu kila mtu anakwenda zake. Veterineri aliipokea fimbo ile kwa mikono miwili, akainama. Watu walisema hawajawahi kuona mshauri aliyeajiriwa vizuri hivyo.

Kikao cha kwanza cha konseye kilifanyika katika darasa moja karibu na barabara. Nilikwenda kwa ajili ya redio, nikakaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yakiwa kifuani. Wageni waliruhusiwa kusikiliza, si kusema. Karani alisoma ombi la jeran, kwa Kifaransa, ukurasa mzima, wenye maneno ya haki ya mwenye mali na kukoma kwa matumizi ya njia. Aliposoma mpaka mwisho alivuta pumzi, akaona nyuso za washauri, akaamua kuwahurumia.

"Kwa Kiswahili, kwa kifupi," alisema. "Nani anakubali bariere ya ferme ifungwe?"

Mkono wa mshauri wetu ulipanda wa kwanza, ukiwa na fimbo ndani yake. Ulipanda kama mkono wa mwanafunzi ambaye hatimaye ameulizwa swali analolijua. Washauri wengine walimtazama. Wakaona kwamba mtu anayefahamu ng'ombe amekubali, tena ndiye mwenye kilima, wakapandisha mikono yao. Mhuri ukapigwa. Na kwa kuwa alionekana mwenye moyo kwa jambo lile, konseye likamkabidhi yeye kulisimamia.

Kesho yake alfajiri shangazi alimkuta amesimama kwenye bariere ya ferme, buti zake zimeoshwa, fimbo mkononi. Alimwambia kwa adabu kwamba njia imefungwa. Shangazi alidhani ni mzaha, akacheka. Kisha akaona si mzaha, akageuka, akaishika barabara.

Maziwa yalikatika. Mtengeneza fromaji aliyachemsha, akamwonyesha sufuria, akamrudishia bido. Kesho yake tena hivyo hivyo. Nyumbani tulikunywa maziwa ya kuganda asubuhi, mchana na jioni, tukawapa majirani, na wote waliyasifu kwa kuwa yalikuwa mazuri kweli. Mshauri mwenyewe alipita Jumapili, akapewa, akasema hajanywa maziwa ya kuganda matamu namna ile tangu utoto wake. Shangazi alikuwa amemletea makusudi, ili aone aibu. Yeye akaomba kikombe kingine.

Jumatatu yake mtengeneza fromaji alimwambia shangazi, tena kwa upole, kwamba akileta ya kukatika tena nafasi yake itakwenda kwa mama mwingine. Alirudi nyumbani. Alisugua bido mpaka ikang'aa, akaigeuza kwenye jua, akabaki amesimama kando yake kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Jirani alikuja kumfariji kwa namna yake.

"Si weye njo ulimuajiri?" alisema. "Mufukuze."

Shangazi akageuka, akaiokota bido.

Kesho yake shangazi alikamua mapema zaidi. Hakushika barabara. Alipanda moja kwa moja kwenye bariere ya ferme, bido mgongoni, na kwa kuwa jirani alikuwa ameshatangaza, nyuma yake walikuja akina mama wengine wa maziwa na bido zao. Mimi nilifuata mwishoni.

"Jambo Papa," shangazi alisema.

"Jambo Mama. Njia ilifungwa. Mupite ku barabara."

"Ilifungwa na nani?"

"Na konseye."

"Na ni mukono ya nani ilitangulia kupanda?"

Mshauri alitazama buti zake. "Mama, balituuliza kama bariere ifungwe. Ningesema nini? Ibaki wazi? Tangu nizaliwe sijasema bariere ibaki wazi. Weye mwenyewe ungesema?"

Baadaye shangazi aliniambia kwamba hata yeye angesema ifungwe, na kwamba hilo ndilo lililomuuma.

"Lakini ulijua hii njia iko ya maziwa," alisema.

"Nani aliniambia? Siku ile mulinionyesha ngombe. Njia hakuna mwenye aliitaja."

"Tulingoja ujionee!" jirani alipaza sauti kutoka nyuma.

"Nilijionea ngombe," alisema mshauri, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikipanda. "Mulipiga na makofi!"

Mtu mmoja alicheka.

"Basi rudi mu konseye," shangazi alisema. "Useme kama ulisikia mubaya."

"Niende kusema mbele ya batu kama sikusikia Kifaransa?"

Mlima ulikuwa umeanza kupata rangi upande wa mashariki. Shangazi aliutazama, akakaza kamba kwenye paji la uso, akanyoosha mkono.

"Nipe fimbo yangu."

"Mama, miye si mushumba. Niko mushauri. Niko na manda, batu balinichagua."

"Manda ubaki nayo. Fimbo njo yangu."

Mshauri alitutazama sisi sote, mmoja baada ya mwingine, kama alivyowatazama ng'ombe siku ile. Nilidhani atakataa. Sheria ilikuwa upande wake, na mhuri. Lakini alikuwa mtu wa kilima hiki, na mikono yake ilijua kazi yake kabla yake. Aliitoa fimbo kwa mikono miwili. Kisha akainama, akatoa mti wa juu, wa katikati, wa chini, bila kuigonganisha.

Shangazi alipita. Akina mama wengine wakamfuata, bido baada ya bido, na mshauri alisimama na mti wa juu kifuani mpaka nilipopita mimi. Niligeuka. Alikuwa anairudisha miti, mmoja mmoja, akakaza wa juu, akautikisa.

Mtengeneza fromaji alichemsha maziwa ya shangazi, akainama, akayatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akayamimina pamoja na ya wengine.

Tulijua kwamba hiyo ilikuwa mara ya mwisho, kama desturi inavyosema. Kesho yake akina mama walipanda hata hivyo, kwa kuwa hawakuwa na shauri lingine, na mshauri alikuwapo, mikono mitupu.

"Si ulifukuzwa?" jirani alimwuliza.

"Najua. Mupite mbio, nifunge."

Amekuwapo kila asubuhi tangu siku hiyo. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemtuma. Nadhani hakuweza kuvumilia kitandani akiwaza kwamba watapita peke yao na mmoja wao ataacha mti mmoja chini. Jeran alikuja siku moja kumkumbusha uamuzi wa konseye kwamba bariere imefungwa. "Njo imefungwa," mshauri alimwambia, na kumwonyesha kwa kidevu. "Angalia." Jeran aliangalia. Ilikuwa imefungwa, na ng'ombe wote walikuwa ndani, hata katika maharage ya watu hakukuwa na alama ya kwato. Alikwenda zake. Uamuzi haujabadilishwa. Katika karatasi za konseye njia ile haipitiki, na shangazi anaipita kila siku kabla ya jua, na nafasi yake kwa mtengeneza fromaji iko mahali pake.

Taabu iliyobaki ni muuza mawese. Hana maziwa, lakini ameamua kwamba njia ile ni yake pia, na hupita saa yoyote, bariere ikiwa haina mtu. Mchana mara nyingi utamsikia mshauri akishuka mbio kutoka kwake, akipiga kelele, yeye aliyependwa kwa ukimya wake, na sauti ya yule mwingine ikijibu kutoka chini bondeni, bila haraka: "Ukifunga, muntu atapita wapi?"

Jumapili moja mshauri alikuja nyumbani. Alikaa, akauliza habari za ng'ombe wa kahawia, akatazama mlango ambao fimbo ilikuwa imeegemezwa nyuma yake. Hakuiomba. Shangazi naye hakuitaja. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa, kilichojaa mpaka mdomoni, akampa.

Alikitazama kidogo kabla ya kunywa. Alijua maana ya kikombe cha anayeshukuriwa kwa kuja, kama sisi sote tulivyojua. Alikunywa chote, akamshukuru shangazi, akaaga. Na alipotoka alirudisha miti ya bariere yetu, akakaza wa juu.

"Kesho asichelewe," shangazi alisema, akiwa bado anamtazama. "Maziwa haingojake."